Mpaka Unaotembea

Kabeji ilitua mezani kwangu kabla sijamaliza kikombe cha kwanza cha chai. Ilikuwa ndogo kama ngumi ya mtoto, imepauka, na iliviringika mpaka ikagonga bakuli la kiburu, ndizi na maharage yaliyobaki jana. Foibe hakuwa amebisha hodi. Tangu aolewe hapa Kirimeni sijawahi kumsikia akibisha hodi, na baada ya mumewe kufariki ndiyo kabisa, akaona milango yote ya ukoo ni ya kusukuma tu.

"Hiyo ndiyo kabeji yangu ya msimu huu, Mama Aisia. Itazame."

"Hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo. Itazame."

Niliitazama. Mimi ndiye msimamizi wa jua wa Kirimeni. Ni cheo nilichopewa kwa kura za watu ambao wenyewe hawakukitaka, na kazi yake kubwa ni kuonyeshwa mboga zilizodumaa na kuambiwa kosa ni langu. Nimeonyeshwa karoti zenye miguu mitatu. Nimeletewa mchicha kanisani, katikati ya matangazo. Lakini kabeji ile, kusema kweli, ilinitia aibu.

"Uliniambia nisubiri wingu lifunguke," Foibe aliendelea, "likafunguka. Ukaniambia nisubiri matuta yajipange, yakajipanga. Unajua yamejipangaje? Yangu yote yako friji. Tena! Huko Singida tulikuwa tunalikimbia jua. Nimekuja kuolewa mahali ambapo jua linagawiwa kama dawa ya kikohozi, na mimi kijiko hakinifikii."

"Foibe, kaa chini unywe chai."

"Chai haiivishi kabeji."

Nikavaa mabuti.

*

Friji ni ile pembe ya uwanja iliyo nyuma ya tangi la maji. Tangi lilijengwa mito ilipoanza kukauka, ni refu kuliko kanisa, na kivuli chake asubuhi kinalala juu ya pembe hiyo na hakitoki mpaka wingu lijifunge tena. Kwenye baridi ya mwezi wa sita na wa saba, hapa mlimani wingu hufunguka kidogo tu asubuhi, watu wakashangilia, kisha likarudi. Mboga iliyokosa kile kipande cha asubuhi imekosa siku nzima.

Zamani kila kaya ilikuwa na kihamba chake: migomba juu, kahawa katikati, mboga chini. Vihamba vikagawanywa kwa watoto, watoto wakawagawia wajukuu, mpaka ikafika mahali mtu akinyoosha miguu usingizini inatokea kwa jirani. Ndipo tukaunganisha vipande vilivyobaki vikawa uwanja mmoja, na chama chetu cha ushirika kikaleta matuta yanayotembea.

Watu wanayaita kobe. Kila kobe ni sinia pana kama kitanda, limejaa udongo na samadi, lina mikanda ya mpira chini kama katapila, paneli nyembamba kuzunguka ukingo, na kila kona jicho dogo kama kifungo cha shati. Hana haraka. Ukimkodolea macho utaapa amesimama, lakini nenda kachote maji, ukirudi amehama na spinachi zako zote. Na ni mzito. Wanaume wanne hawamwinui, na hata wakimwinua atarudi mwenyewe kule alikopangiwa.

Anayewapangia ni Mpangaji, ambaye si mtu. Ni akili fulani inayokaa kwenye nguzo karibu na tangi na kuongea kwa adabu inayochosha. Sitamnyima haki yake: kazi anaijua. Mistari ya mimea huielekeza kaskazini na kusini ili jua la asubuhi lipenye kati ya mstari na mstari. Mimea mirefu huiweka nyuma ya mifupi isiipige kivuli, na anajua kwamba huko "nyuma" kunahama, maana mwezi wa sita jua linaegemea mlimani na mwezi wa kumi na mbili linaegemea bondeni. Mtu mwenye jembe angehangaika mwaka mzima kufanya anachofanya yeye kwa asubuhi moja.

Ubaya ni kwamba anatafuta kitu kimoja tu, mavuno makubwa ya uwanja mzima. Kobe anayezaa vizuri anatangulia kuchagua mahali. Anayezaa vibaya anapata palipobaki, yaani friji. Akikaa friji, mboga zinadumaa na paneli inakosa nguvu, kesho anatembea polepole zaidi, anafika wa mwisho, anarudi friji. Nilishamwomba Mpangaji aanze na wanyonge. Akanijibu kwamba sheria hiyo hubadilishwa na kaya zote; msimamizi anaamua mambo ya mipaka tu. Nikaziitisha kaya zote. Wenye kabeji kubwa walikuwa wengi kuliko wenye kabeji ndogo, kikao kikaisha kabla chai haijachemka.

Na siku ya mavuno Mpangaji anapima mwenyewe. Kaya isiyofikisha kipimo inatoka uwanjani, inaingia inayofuata kwenye foleni. Ukimtoa mtu mwingine yeyote uwanjani atabaki na kajipande nyuma ya nyumba. Foibe hana. Mumewe, Elirehema, alipozikwa, wanaume wa ukoo walikaa wakagawana kihamba chake kwa namna ambayo mjane alibakiwa na chumba na njia ya kupitia. Udongo wake wote duniani ni ule ulio kwenye kobe watatu. Ana watoto wawili wanaokula kama mchwa. Na mavuno yalikuwa yamebaki wiki chache.

*

Nilipofika uwanjani niliona jambo la ajabu. Katikati, pale ambapo jua hutua kwanza, walisimama kobe wanne wa shemeji yangu Ndekirwa, wenye maharage ya kupanda kwenye miti na karakara iliyojisokota mpaka juu. Kuwazunguka kulikuwa na uwazi. Kobe wa watu wengine walikuwa wamejibana pembeni, karibu mmoja juu ya mgongo wa mwenzake, wamewasukuma wa nyuma yao, na hao wakawasukuma wa Foibe mpaka ukutani mwa tangi.

Kwenye kila kona ya kila kobe wa Ndekirwa palikuwa na sale.

Asiyetoka huku nimweleze. Sale ni mmea wa majani marefu membamba ambao hakuna nyumba ya Kichaga isiyokuwa nao. Hatuweki mawe ya mipaka, tunapanda masale. Makaburi tunayapandia masale, na ya kwetu yamo humohumo uwanjani. Na mtu akikukosea, akaja kwako na sale mkononi kuomba msamaha, huna ruhusa ya kukataa, hata kama amekuchomea nyumba. Wazee walipoambiwa habari za matuta yanayotembea, sharti lao lilikuwa moja: yasivuke masale. Basi Mpangaji akafundishwa hivyo. Ukiona sale, kaa mbali hatua mbili.

"Shemeji! Karibu uone maharage," Ndekirwa alisema. Alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, kofia ya sufu kichwani, ameridhika na maisha.

"Ndekirwa, hayo masale yanafanya nini juu ya matuta yako?"

"Yanamea."

"Unajua ninachouliza."

"Sale ni mpaka, aisee. Sheria inasema hivyo. Nimeisoma yote, haijasema mizizi iwe wapi."

"Mpaka hautembei, Ndekirwa!"

"Huu unatembea." Akanyoosha mkono kuelekea kobe wake kama mtu anayemtambulisha mchumba. "Dunia inabadilika, shemeji. Ninyi mlioleta hivi vyombo ndio mlituambia."

Nimeishi na huyu mwanaume kama shemeji tangu nina kiuno chembamba na sijawahi kumshinda kwa maneno. Nikamwonyesha kule tangini. "Na Foibe? Mke wa mdogo wako? Unaona alipo?"

"Namwonea huruma sana," alisema, na nadhani hata alijisadiki. "Lakini si ana kwao? Singida jua limejaa tele. Halafu kijana wangu anaoa mwezi wa tisa, na ndiye wa kwanza kwenye foleni. Siwezi kumwombea mtu mabaya. Ila likitokea, limetokea."

*

Nilikwenda kwenye nguzo.

"Mpangaji, masale yaliyopandwa juu ya tuta yasihesabiwe kuwa mpaka."

"Habari za asubuhi, Msimamizi. Jicho la tuta liko chini. Linaona majani. Halioni mizizi."

"Huwezi kuona kwamba sale liko juu ya kobe?"

"Sale la kaburini nalo liko juu ya kilima cha udongo. Kwa jicho vinafanana."

Nikafikiri. Nilijiona mjanja sana asubuhi ile. "Haya. Masale yanayosogea yasihesabiwe. Yaliyotulia yabaki kuwa mpaka."

"Ombi limepokelewa. Masale yanayosogea hayatahesabiwa kuwa mpaka. Siku njema, Msimamizi."

Nilimwambia Foibe kwamba kesho yake atapata jua. Nilimwambia kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi. Yeye akanitazama tu, akasema, "Tutaona," na akaenda kuwamwagia maji kobe wake kule gizani.

Upepo ulishuka kutoka mlimani jioni ile, ukavuma mpaka alfajiri. Sikuufikiria. Upepo ni upepo. Lakini masale yana majani marefu, na upepo ukivuma yanasogea, na Mpangaji hana kosa la kusahau alichoambiwa. Asubuhi niliamshwa na kelele. Nilipotoka na kanga mabegani niliwakuta watu wamesimama ukingoni mwa uwanja kama watu wanaosubiri jeneza. Kobe mmoja alikuwa amepanda juu ya kaburi la mama mkwe wangu na kutulia pale, amelielekea jua barabara.

Alikuwa kobe wangu. Nyanya zangu.

Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke ambaye akiwa hai hakuna aliyethubutu kukalia kigoda chake. Ndekirwa, mwanawe, alivua kofia, akanigeukia polepole.

"Shemeji," alisema, "umempandia mama nyanya."

Hakuna aliyecheka mbele yangu. Walicheka baadaye, najua, maana kicheko nilikisikia kutoka nyuma ya migomba.

Kaburi la pili, la babu mmoja wa upande wa juu, lilikuwa limepandiwa na kobe wa vitunguu. Makaburi mengine yalikuwa yamepona kwa bahati. Lakini kule tangini friji ilikuwa tupu. Kobe wa Foibe walikuwa wamesogea mpaka katikati, penye ule uwazi wa jana, wanyonge, majani ya manjano, wako juani kwa mara ya kwanza tangu baridi ianze. Foibe alikuwa amechuchumaa kando yao, mkono mmoja juu ya udongo kama anayepima homa.

Nilisimama pale nikakasirika na kila mtu, marehemu wakiwemo. Marehemu hawali kabeji. Mama mkwe wangu, Mungu amlaze pema, hakuwa anahitaji lile jua la asubuhi, na wale watoto wawili walikuwa wanalihitaji. Ningeiacha ile amri, Foibe angebaki uwanjani. Lakini watu walikuwa wametoa ardhi yao kwa ahadi moja tu, na tayari mwanaume mmoja alikuwa amekwenda kuchukua nyundo ya kuwavunjia kobe macho. Kobe wakivunjwa, hakuna atakayekula, hata Foibe.

"Mpangaji," nilisema, "futa amri ya jana."

"Imefutwa. Masale yote ni mpaka. Siku njema, Msimamizi."

Kobe wangu akashuka kaburini kwa heshima, taratibu. Na kule katikati, kobe wa Ndekirwa walianza kutambaa, na wa Foibe wakarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka kivuli cha tangi kikawameza. Foibe alitembea nao mpaka ukutani. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

*

Nilichokuwa sijakifikiria ni kwamba kijiji kizima kilikuwa kinatazama.

Kabla wiki haijaisha kila mtu alikuwa ameelewa ujanja wa Ndekirwa. Masale yalikatwa kwenye uzio, kwenye njia, mengine sijui yalitoka wapi, na yakachomekwa kwenye kila kobe: wa kabeji, wa hoho, wa figiri. Katibu wa ushirika, mtu mzima anayehubiri Jumapili, nilimkuta akichomeka sale katikati ya vitunguu vyake huku akitazama huku na huku. Ni Foibe peke yake ambaye hakupanda. "Sijui mambo yenu ya majani," alisema. "Nikikosea mtaniambia nimeroga."

Asubuhi moja wingu likafunguka, jua zuri likatua, na hakuna kobe aliyetikisika. Kila mmoja aliona sale mbele, nyuma na ubavuni. Waliganda pale wameachana hatua mbili, kama watu waliokosana msibani, na jua lote likaangukia kwenye njia tupu zilizokuwa katikati yao. Kilichostawi Kirimeni siku zile ni magugu.

"Mpangaji, kuna nini?"

"Mipaka imezidi nafasi, Msimamizi. Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Nasubiri mipaka ipungue."

"Na isipopungua?"

"Nitaendelea kusubiri. Siku njema."

Niligonga ile nguzo kwa buti langu. Iliniuma mimi.

Kikao kilichofuata kilikuwa ukumbini, na kilichukua mchana wote. Kila mtu alikubali kwamba masale ni lazima yatolewe kwenye matuta. Kila mtu alikubali pia kwamba aanze mwingine. Nilipiga meza mpaka kiganja kikawa chekundu. Niliwaambia ninyi ni watu wazima wenye wajukuu, mnashindana na kivuli. Niliwaambia mimi najiuzulu, na hapo ndipo walipoogopa, kwa sababu ingebidi mmoja wao achukue kazi. Mwishowe tukaapa, wote, mmoja mmoja, kwamba sale halitapandwa tena kwenye tuta na mtu yeyote wa uwanja ule. Wakang'oa jioni ileile, kila mmoja akimtazama jirani yake mikono. Ndekirwa aling'oa wa mwisho, na akabakiza moja.

"Hilo nalo," nilimwambia.

"Hili lina kazi, shemeji. Watu wamesema nimemkosea mke wa Elirehema. Basi kesho nitampelekea sale, mbele ya watu, kama desturi inavyotaka."

Aliponiambia hivyo alitabasamu, na nikaelewa. Msamaha ukishatolewa kwa sale, jambo limefungwa. Hakuna atakayelifufua kikaoni. Foibe hataweza kusimama siku ya mavuno akasema ameminywa jua, kwa sababu atakuwa ameshasamehe, na kobe wake, wakiendelea kuwa wa mwisho kupata nafasi, wasingefikia kipimo kwa zile wiki zilizobaki. Angetoka uwanjani kwa amani kabisa. Kijana wake, bwana harusi, angeingia.

Nilikosa hamu ya chakula cha jioni, na mimi si mtu wa kukosa hamu ya chakula.

*

Alikuja amevaa koti. Watu walikuwa wamejaa karibu na tangi, wengine na vikombe vyao vya uji mkononi. Sale lake alikuwa amelichimbua na mizizi yake na bonge la udongo, akalifunga kwa jani la mgomba, zuri kweli. Katika kila jambo ni bahili, lakini siku hiyo alitaka aonekane mkarimu.

"Mama Tito," alimwambia Foibe, kwa jina la mwanawe mkubwa, "nimekukosea. Nimekuja na sale. Naomba unisamehe, yaishe, na mambo yabaki kama yalivyo."

Foibe alilitazama lile jani, kisha akanitazama mimi. "Nikikataa?"

Mtu mmoja nyuma yangu alivuta pumzi kwa nguvu.

"Hapa hatukatai," nilimwambia. "Likishaletwa, linapokelewa."

"Hata kama moyo haujataka?"

"Hata kama."

"Nyie watu wa mlimani mna mambo." Alijifuta mikono kwenye kitenge, akalipokea kwa mikono miwili. "Haya, shemeji. Nimekusamehe. Sijui kwenu huwa mnasema nini baada ya hapo, lakini nimekusamehe. Sasa hili lenyewe nalifanyia nini? Nalitupa?"

"Hapana, hapana!" Ndekirwa aliruka. Anapenda sana kumfundisha mtu desturi. "Sale la msamaha halitupwi. Ukilitupa umerudisha ugomvi. Unalipanda kwako, kwenye udongo wako, liote. Na likishapandwa haling'olewi na mtu."

"Kwenye udongo wangu."

"Ndiyo. Kwako."

Foibe aligeuka, akatembea mpaka kwa kobe wake wa kwanza, yule wa kabeji, akapiga magoti kwenye ile baridi ya kivulini. Akachimba kwa vidole. Tulimtazama wote na naapa hakuna aliyekuwa ameelewa bado. Akaliweka sale, akalifunika mizizi, akalishindilia kwa viganja, akasimama.

Hapo Ndekirwa akaelewa. "We! Si hapo! Tumeapa jana, hakuna masale kwenye matuta!"

"Mimi udongo wangu ni huu," Foibe alisema. "Mwingine sina. Kama kuna anayeujua mwingine, anipeleke nikapande huko. Wewe shemeji si ulikuwepo siku ile ya kugawana cha Elirehema? Nionyeshe wapi. Nipeleke sasa hivi, nitaling'oa mwenyewe nikalipande."

Hakuna aliyemwonyesha. Uji ulipoa kwenye vikombe.

"Shemeji," Ndekirwa alinigeukia, "wewe ndiye msimamizi. Mwambie aling'oe."

"Ling'oe wewe uliyelileta," nilisema.

Alipiga hatua moja. Alinyoosha mkono hadi karibu na majani, na watu wazima waliokuwa pale wakaanza kunung'unika kwa sauti ya chini, ile sauti ambayo ukiisikia unajua hutaalikwa tena kwenye harusi ya mtu. Mkono ukarudi mfukoni.

Wingu likafunguka wakati huohuo. Kobe wakaamka uwanja mzima, wakaanza kutambaa kwenda kwenye nafasi zao, na kobe wa Foibe wakaanza kutoka friji, polepole mno, na sale moja likiwatangulia likitikisika. Wale wa mbele walisimama. Kisha nguzo ikaongea.

"Msimamizi, mpaka mpya umeonekana juu ya tuta, na kikao cha jana kimekataza mipaka juu ya matuta. Je, mpaka huu uthibitishwe au ufutwe?"

Watu wote wakanigeukia. Nataka mnielewe: mimi ndiye niliyewaapisha. Mimi ndiye niliyepiga meza mpaka mkono ukavimba, nikisema sheria ni moja kwa wote, asiwepo wa kupendelewa. Nikisema ufutwe, nimeshika kiapo na Foibe ametoka uwanjani. Nikisema uthibitishwe, nimempa mtu mmoja kile nilichowanyang'anya wengine wote mbele ya macho yao, na nimekuwa Ndekirwa, tofauti ni kwamba mimi namwonea mtu huruma. Niliwachukia wote kwa dakika ile: shemeji na koti lake, Foibe na magoti yake yenye matope, lile dubwasha la nguzoni linaloweza kupanga jua la mlima mzima lakini hili likaniachia mimi.

"Thibitisha," nilisema.

"Umethibitishwa kwa leo. Nafasi zinapangwa upya. Nakujulisha kwamba tuta lako la nyanya litaingia kivulini."

"Najua."

"Siku njema, Msimamizi."

Maharage ya Ndekirwa yalisogea kushoto. Vitunguu vya katibu vikasogea kulia. Katikati ikabaki njia, na kobe watatu wadhaifu wakapita, mmoja nyuma ya mwingine, Foibe akitembea ubavuni mwao hadi kwenye jua.

*

Sijui kama nilitenda haki. Watu wengine hawanisalimii. Katibu anasema nimefungua mlango ambao sitaweza kuufunga, na huenda anasema kweli. Kila asubuhi nguzo ile inaniuliza upya, kwa adabu yake ileile, kama mpaka ule uendelee, maana Mpangaji anathibitisha mambo ya aina hii kwa siku moja tu. Kila asubuhi nasimama pale na mabuti yangu, nawaza, nakasirika, najibu. Nyanya zangu hazikuiva msimu ule. Nilizila mbichi kwa chumvi mpaka ulimi ukawa mgumu.

Siku moja baada ya mavuno nilikuwa nakunywa chai. Mlango ukasukumwa, na kabeji ikatua mezani. Haikuviringika, ilikuwa nzito mno kuviringika. Meza ilitikisika na chai ikamwagika kwenye mkate.

"Itazame," Foibe alisema.

Niliitazama. Ilikuwa kijani, imejifunga vizuri, kubwa kuliko kichwa cha Ndekirwa. Kabeji kama hiyo ndizo zilizomfikisha kwenye kipimo. Nikaanza kutafuta neno la maana la kumwambia.

"Umeona haya majani ya juu?" aliendelea, akiyagusa kwa kidole. "Yameungua. Jua la pale katikati limezidi, Mama Aisia. Utafanyaje?"